Vitabu Vyenye Mtu Anayewasha Moto

Majina yote ninayo. Mkiniuliza leo mtaa wetu wa Kisugu, Kampala, wa wakati ule, nyumba kwa nyumba, nitawatajia mpaka mbuzi. Lakini humu wamo watu ambao watoto wao wako hai na hawakuniomba niwaandike, kwa hiyo majina nitabaki nayo mwenyewe. Wajukuu zangu, nyinyi mnaonisahihishia herufi, msinisumbue kwa hilo.

Mnaniuliza kwa nini rafu yangu imejaa vitabu vya wanawake, vya wanaume vimekaa pembeni kama wageni. Juzi mmoja wenu akaniambia, "Haboba, soma na mambo ya maana kidogo." Nilicheka. Maneno hayo niliambiwa kabla mama yenu hajazaliwa, na yalikaribia kumzuia asizaliwe.

Shule yangu iliishia darasa la nne. Sisi ni Wanubi: nyumbani tulisema Kinubi, barabarani Kiganda, na Kiswahili kilikuja na baba kutoka jeshini, akakiacha mezani pamoja na kofia yake. Mume wangu alikuwa gadi wa treni ya mizigo ya Nairobi. Wanaume wengine walirudi na sabuni au chumvi, maana ilikuwa miaka ya utawala wa askari na vitu vya dukani vilipatikana kwa kujuana. Wangu alileta sabuni pia, lakini ndani ya sabuni alificha kitabu cha Kiswahili alichonunua kwa mama mmoja aliyetandaza vitabu chini, karibu na stesheni. Alinunua bila kuchagua. Mimi ndiye niliyechagua baadaye, kwa kusoma kurasa chache na kuona kama moyo unakaa au unaondoka.

Kabla ya mama yenu mimba mbili zilikuwa zimenitoka. Ya tatu ilipofika mwezi wa tano ikaanza kunionyesha dalili zile zile, na mume wangu akamwita mkunga, mama aliyefanya kazi hospitali ya Mulago na kuishi mtaani kwetu. Akanibonyeza tumbo, akanawa mikono, akaketi.

"Mwanangu, sasa kazi yako ni moja tu. Kulala. Ubavu wa kushoto, miguu juu. Ukiinuka, iwe ni msalani."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka mwenyewe wa tumboni aseme basi."

Mume wangu akaingiza matofali chini ya kitanda upande wa miguuni, kitanda kikainama, akaenda kwenye treni yake. Nikalala hapo kama toroli iliyoinuliwa mikono.

Kwetu wanawake hushona tabaga, zile kawa za rangi za kufunikia chakula, na hakuna anayeshona peke yake. Akiwepo mwanamke asiyeweza kutoka, mzazi au mgonjwa au bibi harusi, wenzake hukusanyika chumbani kwake na sindano zao kubwa na majani yaliyotiwa rangi. Hupika hapo hapo, hufagia, huchota maji. Mwenye chumba naye, kama mikono yake haishoni, anatakiwa kulipia kwa mazungumzo. Sasa mimi nimelala ubavu, nimsengenye nani? Ukuta? Ndipo nikasema niwasomee.

Waliokuja kila siku walikuwa wawili. Mmoja ni jirani mzee tuliyemwita haboba, yaani bibi, kama mnavyoniita mimi leo, asiyejua hata alifu. Wa pili ni mke wa polisi, Mkristo kutoka kaskazini, aliyejifunza kushona kwetu na mkono wake ukawa mzuri kuliko wangu. Mumewe alikuwa amehamishwa ghafla, na hakuna aliyekuja kusema amehamishiwa wapi. Hatukumuuliza. Gari likipunguza mwendo barabarani, sindano yake ilisimama. Likipita, ikaendelea.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha mama mmoja wa pwani. Nyuma palikuwa na picha yake, amefunga kilemba, anatazama kama aliyeitwa kutoka jikoni ghafla. Hadithi yenyewe ni ya mwanamke ambaye mumewe amekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya katani. Harudi. Badala yake anakuja msichana mwenye mtoto mchanga, anasema, huyu ni wa mumeo, nipokee.

"Asipokelewe!" haboba akasema.

"Haboba, sijamaliza ukurasa."

"Maliza, lakini asipokelewe. Ingekuwa mimi, mtoto angekula. Mama yake angeangalia."

"Bambi, maskini, na yeye ana njaa," mke wa polisi akasema. "Ametembea."

"Alitembea kwenda kwa mume wa mtu pia. Hakuchoka siku hiyo?"

Walicheka mpaka haboba akajichoma kidole. Uji ukaungua. Siku zikapita hivyo, na tumbo likatulia kabisa, nikalisahau kwa saa nzima nzima, jambo ambalo halikunitokea katika zile mimba mbili.

Halafu akaja wifi yangu. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, mwalimu wa sekondari, mwanamke wa viatu vya kamba na maneno machache. Alinipenda, nasema kweli; alinilipia dawa bila kumwambia mdogo wake. Akasimama mlangoni, akasikiliza ukurasa mmoja, akasubiri wenzangu watoke kuangalia chungu.

"Wifi, unawasomea watu wazima hadithi za mapenzi?"

"Si mapenzi tu, dada. Kuna mihogo humo."

Hakucheka. "Ukiwa na nafasi ya kusoma, jifunze kitu. Nchi iko namna hii, halafu wewe unalilia mume wa kwenye karatasi?" Akatoa mkobani kitabu kinene, kilichoandikwa na bwana mmoja mkubwa. "Hiki kinafundishwa. Anza na hiki. Jumamosi nitakuuliza."

Kwetu dada mkubwa wa mume hajibiwi. Unapokea kwa mikono miwili. Nilipokea, na kile cha mama wa pwani nikakiingiza chini ya mto.

Kilikuwa kitabu cha vita, cha nchi ya mbali na mfalme wake. Sisemi ni kibaya. Kiswahili chake kilikuwa kimesimama wima, kila neno limefungwa mkanda. Lakini niliwasomea siku ya kwanza, haboba akalala na sindano mkononi. Siku ya pili mke wa polisi akauliza, kwa upole tu, "Bunduki zinaisha ukurasa gani?" Nikafunua mbele, nikamwambia bado. Akakunja majani yake taratibu. Kesho yake hakuja. Haboba alikuja peke yake, akasema mgongo, akasema wageni, akaondoka kabla ya chakula.

Nami sikukiacha. Nilijiambia, huenda ni mimi ndiye mjinga, huenda utamu uko mbele, nisome mpaka nistahili. Nilikuwa nimelala na kitabu nisichokipenda, nyumba kimya, jiko halina moto, na Jumamosi naulizwa.

Siku iliyofuata hakuja mtu. Mchana njaa ikanishika. Nikashuka kitandani, nikawasha sigiri ya makaa, nikaona jerikeni iko tupu, nikaenda nayo bombani. Sikufika mbali. Niliporudi ndani niliona damu kwenye kanga.

Haboba alisikia sauti yangu kupitia ukutani. Akamleta mkunga, wakanirudisha ubavuni, wakaongeza tofali. Mkunga aliweka mkono tumboni mwangu, akausogeza huku na huku, mpaka akaitikia kwa kichwa: bado yumo.

"Wale wenzako wako wapi?" akaniuliza.

Haboba akaangalia chini. Mimi nikaangalia kitabu kinene kwenye kigoda. Mkunga akafuata macho yangu, akakichukua, akakipima kwa mkono kama anayepima nyama.

"Kinasemaje?"

"Vita, mama."

"Humu ndani? Banange, jamani, ya nje haitoshi?"

Asubuhi damu ilikuwa imekoma. Jumamosi wifi akaja, akaiona rangi yangu, akaketi ukingoni mwa kitanda ambacho kilikuwa kimeinama zaidi. Hakuniuliza habari za mfalme. Lakini nilijua nisiposema siku hiyo, heshima ingenifunga tena, na mtoto angeondoka kama wenzake.

"Dada, chukua kitabu chako. Nisamehe. Mimi napenda hiki," nikatoa cha mama wa pwani chini ya mto. "Na nikikimaliza nitatafuta kingine cha mwanamke."

"Kwa sababu gani? Kwa sababu ni rahisi?"

Nilifikiri. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini napenda ninachopenda. "Katika chako, dada, jeshi zima linavuka mlima, linakula, linalala, linaondoka. Sijaona mtu amewasha moto. Wageni wakifika kwenye kitabu cha huyu mama, kuna anayeinuka. Namwona anakwenda, naona unga umebaki kidogo, naona anavyoficha uso. Nakaa naye. Nikikaa naye, na wenzangu wanakaa. Wakikaa, mimi silazimiki kuinuka."

Wifi alikishika kitabu chake kifuani. Akasema polepole, "Shuleni kwetu wamebaki walimu wachache. Nikisoma vita vya zamani, najua vimekwisha. Najua nani alishinda. Ndiyo maana navipenda." Akanitazama. "Sikukuletea kukuumiza."

"Najua, dada."

Basi tukaelewana hapo, yeye na chake, mimi na changu, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Haboba alikwenda mwenyewe kumwita mke wa polisi. Huyo mama akachungulia mlangoni na majani yake kwapani.

"Nimesikia wale askari wa kitabuni wamehama."

"Wamehama. Ingia."

Tulisoma cha mama wa pwani tukamaliza, tukarudia. Mume wangu akaagizwa kwa yule mama wa stesheni: vya wanawake tu. Akaleta cha muuguzi mmoja aliyeandika habari za wodi na vijembe vyake, na kingine kisicho na picha wala maelezo, jina la herufi mbili tu na ukoo. Mume wangu akasema huyo ni mwanaume. Nikasoma mpaka mahali ambapo mgonjwa anaoshwa, nikamwambia, huyu ni mwanamke, hebu kaulize. Akauliza. Alikuwa mwanamke.

Uchungu ulinianza mwezi wake ukiwa umetimia, alasiri, katikati ya kurudia kile cha kwanza. Mkunga akafika. Wifi akaja kutoka shuleni, hana sindano wala jani, akaketi kwenye mkeka na wenzake. Macho yangu hayakuweza kushika mstari, kitabu kikaanguka.

"Sasa itakuwaje?" mke wa polisi akauliza.

"Nitaendelea mimi," akasema haboba, ambaye hajui alifu. Akaendelea kutoka kichwani, akabadilisha kila kitu. Akamfukuza msichana, akamrudisha, akampa pete. Halafu akaanza kumleta mume kutoka katani.

"Haboba, harudi!" nikapiga kelele kati ya uchungu na uchungu. "Kitabuni harudi!"

"Wewe sukuma, kitabu si kazi yako."

"Lakini hivyo sivyo..."

"Mwacheni arudi," akasema mke wa polisi. Hakuinua macho kutoka kwenye kushona kwake. "Kwenye hiki cha haboba, arudi."

Wifi akasogea, akamshika mke wa polisi goti. Haboba akamrudisha yule mume taratibu, njia nzima: amekonda, viatu mkononi, anabisha hodi mlango wa nyuma, mkewe anaijua sauti, anamletea maji. Mimi nilijua mwandishi wangu alivyoandika, na sikusahihisha tena neno. Mama yenu alizaliwa kabla mume yule hajamaliza kunawa mikono.