Blanketi ya Mkubwa

Hebu niambieni, kuna mtu hapa amewahi kukaribia kuuza wenzake kwa sababu ya blanketi? Hakuna? Basi ni mimi peke yangu, na aibu yake niko nayo mpaka leo, hata nikicheka hivi.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya Mau Mau, tumefungiwa kijijini huko upande wa Ruiri, mtaro na waya kila upande, wanaume wengi wako kizuizini. Kulikuwa na mama mmoja Mwislamu wa Meru mjini, Mama Zuhura, alikuwa na ruhusa ya kutuuzia chumvi, na akipima chumvi mdomo haukai. Akatuambia shamba ni la wanaolima, si la chifu, si la mzungu, kila mtu alime anavyoweza achukue anavyohitaji, na tusiweke mkubwa hata mmoja. "Mkiweka mkubwa mmewarahisishia," alisema. "Watamshika huyo mmoja, na kazi yenu imekwisha." (Mimi nilisoma darasa moja tu, lakini hiyo niliielewa kuliko katekisimu.)

Basi tukawa wanawake kumi na mmoja, tunalima pamoja zile saa tunafunguliwa, mahindi na maharagwe ghala moja, na watoto wa walioshikwa wanakula kama wengine. Hedimani, msimamizi wa kijiji aliyewekwa na serikali, akasikia harufu. Akatuita uwanjani mchana, tukakaa chini kwa vumbi, akauliza mkubwa wenu ni nani. Hakuna aliyeinuka. Akasema atachoma ghala. Tukabaki tumekaa. Halafu akawa mtamu, akatoa blanketi nyekundu, mpya, bado imekunjwa ya dukani. "Serikali inataka tu kumpa zawadi huyo mama anawapanga vizuri."

Jamani, mimi nilikuwa nalalia gunia. Lakini kusema ukweli haikuwa baridi peke yake, ni vile mimi ndio nilikuwa naamka kwanza, naamsha wengine, na hakuna siku mtu aliniambia asante. Miguu ikasimama kabla ya akili. "Ni mimi, Kathure!" Na mkono nimeshanyoosha!

Homugadi mmoja, wale askari wa kijiji wa serikali, akaushika huo mkono. Blanketi ikarudi kwapani kwa hedimani. Hapo ndio nikaelewa maneno ya Mama Zuhura.

Mara jirani yangu Karimi akaruka juu. "Kathure mkubwa wa nani? Hata mbuzi hawezi kufunga! Hiyo blanketi ni yangu!"

"Yako kutoka wapi?" Nkirote naye amesimama. "Mkubwa ni mimi!"

Wote wakasimama, wanasukumana, wanatukanana, wanavuta blanketi, homugadi wakacheka mpaka bunduki zinatingika, na hedimani akaona hapa hakuna siasa, ni wanawake wanapigania nguo. Akaitupa chini, akaamuru niachiliwe, akaenda zake.

Mpaka leo sijui nani alikuwa ananiokoa na nani alitaka blanketi kweli. (Nkirote, nafikiri alitaka.) Tuliikata vipande kumi na kimoja, sawasawa, na hakuna mtu alinigombeza, na hiyo ndio iliniuma zaidi. Changu ndio hiki, nashikia sufuria.

Juzi mjukuu wangu Makena alikuja, wako na kikundi cha kulima nyanya huko Kianjai, akasema kuna watu wanataka kumfanya mkubwa wao. Nikamwekea hiki kipande mkononi, nikamweleza yote. Akakiangalia sana.

"Cucu," akasema, "hata wakileta gari, mimi nitakaa chini."