Sahani ya Babu Siku ya Krismasi

Juzi nilikuwa Ilomba kwa binti yangu, na mjukuu wangu akawa anakariri somo la historia kwa sauti: sababu za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alizitaja bila kukwama, nchi hii kuivamia ile, mikataba kuvunjwa, mataifa makubwa kugombania makoloni. Nikamsifu. Lakini ndugu yangu unayesoma, mimi vita ile niliifahamia kwenye sahani ya babu, huko juu ya Uyole, kabla sijajua hata kusoma.

Kwa babu sababu ya vita ilikuwa moja tu. Mjumbe wa chifu alikuja shambani akataka vijana wenye miguu imara, naye akachukuliwa pamoja na mdogo wake, majembe wakayaacha kwenye matuta. Mama yao alimwambia babu amwangalie mwenzake. Wakapelekwa Burma. Babu akarudi peke yake, na alipoulizwa mdogo wake kalala wapi, alichukua jembe akaenda shambani. Hapakuwa na matanga. Msiba usio na maiti wala kaburi utaukalia vipi?

Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Utotoni nilijua tu kwamba babu hali wali. Kwetu chakula kilikuwa ugali, viazi na maharage. Wali tuliusubiri mpaka Krismasi, mchele wa Usangu, bibi akiupepeta uani huku sisi watoto tukigombania ukoko kabla hata sufuria haijabandikwa. Siku hiyo bibi alimsongea babu ugali wake pembeni. Mimi nikaona dhuluma. Niliamini kabisa kwamba mchele hautoshi na babu anajinyima kwa ajili yetu.

Babu alikuwa akiniita mchumba wake, na mchumba gani anamwacha mwenzake ale ugali Krismasi? Basi mwaka ule nilipotumwa kumpelekea chakula, nilichukua wali wangu wote nikauficha chini ya maharage yake, nikajiona nimefanya la maana. Mvua ilikuwa inanyesha, uani tope tupu. Babu akamega tonge, akachovya, vidole vikaibuka na punje za wali. Alizitazama sana. Akanawa mikono, akasukuma sahani pembeni, akaanza kulia. Sikuwa nimewahi kuona mwanamume mzima akilia. Nikalia na mimi, nikijua nimeiharibu sikukuu.

Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi, nami nikajua leo nimekwisha. Babu akamzuia.

"Mwache mtoto," alisema. "Nilimwacha mdogo wangu kwenye majaruba. Mvua kama hii. Mpunga ulikuwa unafika kiunoni, nikamzika humo humo, tukaambiwa tuondoke."

Bibi alikuwa ameishi naye miaka yote hiyo, na ndiyo kwanza anayasikia. Alikaa chini pale barazani na kitenge chake kipya cha sikukuu.

"Kumbe unajua alipo?"

"Najua."

"Basi ana kaburi," bibi akasema. "Tumlilie."

Kesho yake ndipo msiba ulipoanza, zaidi ya miaka thelathini baada ya kifo chenyewe. Majirani walikuja na kuni, wengine na unga na viazi, hakuna aliyecheka wala kuuliza kwa nini sasa. Tulikaa siku tatu. Siku ya kuanua matanga wanaume wa ukoo walinyolewa, na bibi akapika mchele uliobaki wa Krismasi. Babu aliomba ugali wake kama kawaida. Hilo msiba haukulibadilisha, ila usiku ule alilala mapema, na bibi alisema hajawahi kumsikia akikoroma vile.

Sasa babu na bibi hawapo, na shamba lile limejaa nyumba za watu nisiowajua. Majirani waliokalia mikeka ya msiba ule wameisha wote. Siku ile ya kuanua matanga katekista alilitaja jina la mdogo wake babu katika sala, kwa sauti, nami nilikuwa jikoni napuliza moto. Nililisikia, sikulishika, maana nilidhani wakubwa watalitunza. Leo sina wa kumuuliza, na inaniuma. Watu walimlilia kwa sababu ya wali wangu, na jina lake silijui.