Pesa Bado Yake

Kila nikiwaona vijana wakipanga kazi za mikono yao mezani, mwanangu, nakumbuka siku niliyouza tabaga kwenye maonyesho ya Arua, kwetu Uganda. Ilikuwa miaka ya sabini, sijaolewa bado, na nilikuwa hodari. Nasema hivyo bila haya. Wale ambao wangenicheka kwa kujisifu wengi wameshatangulia, na waliobaki wanajua kwamba sisemi uongo.

Tabaga unazijua, zile sinia za ukindu za kufunikia chakula, zenye nyekundu na kijani na nyeusi zinazozunguka hadi katikati. Sisi wanawake wa Kinubi wa Koboko tunazisuka tangu tukiwa wadogo. Mwaka ule wanawake sita wa mtaa wetu walimkabidhi bibi yangu, Haboba Zeinabu, kazi yao ya msimu mzima akawauzie. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo akanichukua mimi nipokee pesa. Tulikwenda na lori, tukalala kwa jamaa zetu mtaa wa Awindiri, na asubuhi tulikuwa uwanjani kabla ya wengi.

Haboba alikuwa amejiandaa. Kwa wiki nyingi alikusanya shilingi mojamoja na noti ndogo, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Enzi zile chenji ilikuwa adimu kama sukari. Wauzaji wenzetu walikuwa wakiacha meza zao na kuzunguka wakiomba wavunjiwe noti, na wakirudi mteja ameshakwenda, pengine na kitu chao mkononi. Haboba alikaa juu ya kigoda, kopo katikati ya miguu, akalifunika kwa gurbaba yake, ile nguo tunayojifunga kiunoni, na hakuinuka.

Mimi nilianza vizuri, ila kwa adabu za nyumbani. Kwetu ukipewa pesa na mtu mzima unaipokea kwa mikono miwili, huitazami, unaifunga haraka kwenye pindo la nguo. Kuitazama ni kama kumwambia humwamini. Basi mteja wa kwanza akanipa noti, nikaifunga bila kuiangalia, nikamwomba Haboba chenji. Wa pili vilevile. Alipoondoka Haboba akanivuta mkono.

"Wewe binti, kwa nini unaficha pesa ya mutu?"

"Nimeipokea kwa heshima, Haboba."

"Heshima ya kwa chai hiyo. Hapa iko soko. Pesa bado yake. Iko yake mpaka chenji iko kwa mkono yake. Weka hapo juu, yeye anaona, wewe unaona, mimi mwenyewe kipofu naona."

Akanionyesha. Tabaga moja ndogo ikageuzwa juu chini. Noti ya mteja inalala pale, ina jiwe juu yake. Unaitaja kwa sauti. Halafu hupigi hesabu ya kutoa kichwani, unapanda nayo kutoka kwenye bei: kitu ni kumi na nne, unaweka shilingi kiganjani mwake unasema kumi na tano, unaweka noti ya tano unasema ishirini. Mmefika pamoja. Ndipo unainua jiwe. Niliona aibu, nakwambia kweli, nilihisi kama ninawahesabia wageni matonge. Lakini Haboba hakuwa mtu wa kubishana naye, nikafanya.

Jua lilipopanda akaja tajiri mmoja wa malori kutoka Vurra, mtu mpana, kofia nzuri, watu wawili nyuma yake. Akachagua tabaga kubwa ya kumi na nne, akatoa noti huku akiongea na wenzake. Nikasema, "Ishirini, baba," nikaiweka chini ya jiwe. Hakunisikia. Nikaanza kupanda: kumi na tano, ishirini. Akatazama kiganja chake.

"Weye binti, hii nini? Mi nilikupatia mia!"

Watu wakageuka. Mwanangu, hujui neno mwizi lilikuwa zito kiasi gani katika umati wa siku zile. Na kama ningemlipa ili anyamaze, shilingi themanini zingetoka kwenye jasho la wanawake sita, na ningerudi Koboko kuwaambia nini? Nikamtazama Haboba, naye akatazama mbele kama hayumo. Nikajua ameniachia mimi.

Sikumwambia baba yule kwamba anadanganya. Nilisema tu, "Baba, pesa yako bado yako. Iko hapa, mimi sijaichukua. Inua jiwe mwenyewe."

Akainua. Ishirini. Akaigeuza upande wa pili kana kwamba mia imejificha huko. Kisha akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akaingiza mwingine, na mia yake ikatoka, imekunjwa vizuri, haijaenda popote. Hakuwa mwongo, maskini. Alidhani ametoa hii, kumbe ametoa ile.

"Aa, mama!" akamwambia Haboba, akicheka mpaka kofia ikalegea. "Huyu mutoto yako iko mwalimu! Mi ndiye nilipotea." Akarudisha ishirini chini ya jiwe kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia nihesabu upya, naye akahesabu pamoja nami kwa sauti, na wale wawili wake wakaitikia.

Haboba hakunisifu. Adhuhuri ilipofika aliinuka, akalisukuma kopo kwangu kwa mguu, akaenda kuswali bila kugeuka. Nilikalia kigoda kile nikaona uwanja mzima ni wangu. Nimeolewa, nimezaa, nimehiji, lakini kiburi cha saa ile sijakipata tena.

Basi wewe unayebeba shanga na vikapu vyako kwenye maonyesho, nisikilize. Nenda na chenji yako kutoka nyumbani, usimwachie mtu meza kwa ajili ya kuitafuta. Taja pesa uliyopewa, iache machoni pa mwenyewe, panda naye hadi mfike. Siku hizi mnalipana kwa simu, vilevile: usifunge kitu kabla ujumbe haujaingia, na ukiingia mwonyeshe. Usimwone kila mteja mwizi, wala usikubali uitwe mwizi kwa kuona haya. Mwenye kusahau anaweza kuwa yeye, anaweza kuwa wewe, na kazi yako ni kumwachia njia ya kurudi akiwa anacheka.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akufikishe salama, akuletee wateja wenye haraka na wasio na haraka, na jioni urudi umeuza kila kitu isipokuwa jina lako. Amina.