Nilimpelekea Chiriku Habari za Msiba Dakika Kumi Kabla ya Pazia

Nilimwambia rafiki yangu kwamba mama yake amefariki, halafu nikampaka poda usoni ili apande jukwaani.

Soma tena ukitaka. Ndivyo ilivyokuwa.

Nimekaa na hili jambo miaka minne. Leo nalitema.

Wakati huo nilikuwa mwigizaji kwenye kikundi cha maigizo. Mwongozaji wetu tulimwita Mwalimu. Jamaa alikuwa na jina. Ukisema umefundishwa naye, milango inafunguka.

Rafiki yangu tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Anaongea akivaa, anaongea akila, anaongea na kioo. Kucheka kwake ukikusikia nje ya geti unajua leo kuna mazoezi.

Sasa huyo mcheshi akapewa nafasi ya binti anayerudi nyumbani na kukuta mama yake amekufa. Mimi nilikuwa jirani anayempokea.

Shida ilikuwa kilio.

Miezi miwili ya mazoezi, Mwalimu hakuridhika hata siku moja.

"Unalia kama mtu anayemenya kitunguu," alimwambia mbele yetu sote. "Nani kakuambia huo ni msiba?"

Tulicheka. Na mimi nilicheka, nisijifanye malaika.

Chiriku alikuwa anajitahidi kweli. Alikuwa anabaki ukumbini peke yake, anarudia. Alichohitaji ni mtu wa kumwelekeza. Mwalimu hakuwahi kumwelekeza, alimdhihaki tu.

Ikafika siku yenyewe. Onyesho la alasiri. Majaji watano wamekaa mstari wa mbele na madaftari yao. Kikundi kitakachoshinda kinaalikwa kuonyesha nje ya nchi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda ndege.

Sehemu ya kwanza ikaenda vizuri. Tukaingia mapumziko.

Nilikuwa natoka msalani Mwalimu akanivuta kando, kwenye kikorido cha kuhifadhia viti vilivyovunjika.

"Simu imepigwa kutoka kwao," akasema kwa sauti ya chini. "Mama yake Chiriku hatunaye."

Nikageuka kutazama mlango wa chumba cha kuvalia.

"Kamwambie. Wewe ndiye mtu wake."

"Sasa hivi, Mwalimu? Si tungoje amalize?"

Akaniangalia kama nimemtukana.

"Yaani umfiche mtu msiba wa mama yake mzazi? Ungekuwa wewe ungependa?"

Nikajiona mjinga. Nikajiona sina utu. Nikaenda.

Sikuuliza nani kapiga. Sikuuliza saa ngapi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Chiriku alikuwa chumba cha kuvalia, anachezea kifungo cha gauni, anamsimulia mtu kuhusu jaji mmoja aliyekuwa anasinzia.

Nikamshika mkono. Nikamwambia.

Alinyamaza. Mimi sikuwahi kumsikia Chiriku amenyamaza.

Kisha akasema, "Naomba simu yangu."

Simu zetu zote zilifungiwa kwenye kabati kabla ya onyesho, na funguo alikuwa nazo Mwalimu. Ilikuwa kanuni.

Mwalimu akatokea mlangoni, mikono nyuma, uso wa matanga.

"Pole sana, binti yangu. Gari lipo tayari, tukimaliza tu unaondoka. Mama angependa umalizie. Mfanyie yeye."

Binti yangu. Alimwita hivyo.

Machozi yalikuwa yameshaharibu uso wake. Nikachukua poda, nikampaka.

Sitaeleza sana yaliyotokea jukwaani. Alipofika kwenye kitanda cha marehemu hakusema maneno ya kwenye mchezo. Alimwita mama yake kwa jina wanaloitana nyumbani. Alimwomba msamaha kwa siku aliyoondoka bila kuaga vizuri. Kucha zake ziliingia mkononi mwangu mpaka damu ikatoka.

Ukumbi mzima ukasimama. Makofi yakavuma. Kuna watu walikuwa wanalia.

Na kuna sehemu ndani yangu ilifurahi. Nimeshasema. Nilimkumbatia yatima, na huku moyo wangu unasema, tumeshinda.

Pazia lilipofungwa tu, Chiriku akakimbilia kabati. Mwalimu akalifungua bila haraka. Chiriku akapiga nyumbani.

Simu ikapokelewa.

Tuliokuwa karibu tulisikia sauti ya mwanamke mtu mzima, yuko na shughuli zake, anauliza, "Umeshakula, mwanangu? Mbona unalia?"

Chiriku akaketi sakafuni.

"Mama?"

"Ndiyo mimi. Kuna nini?"

Nyuma yetu mtu akaanza kupiga makofi, polepole. Mwalimu. Anatabasamu meno yote.

"Sasa umelia," akasema. "Miezi miwili nilikuwa namtafuta huyu msichana. Leo kaja."

Tukamtazama Chiriku pale sakafuni.

"Mbona mnanuna? Mama mzima, onyesho limekubali. Mtu kafa hapa? Furahini basi."

Yule mtu hakuona hata haya. Alikuwa anasubiri kushukuriwa.

Chiriku akaniangalia mimi, siyo yeye.

"Ulijua?"

"Sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

"Lakini ulikuwa mdomo wako."

Akasimama, akatoka na gauni la mchezo mwilini, pekupeku. Sikumfuata. Sikuwa na uso wa kumfuata nao.

Wenzangu je? Nusu saa baadaye walikuwa wanapiga picha. "Mwalimu kiboko," mmoja akasema. Soda zikafunguliwa.

Nilirudi chumba cha kuvalia. Alikuwapo mama mmoja mshona maleba, yaani nguo zetu za jukwaani. Tulimwita Mama Sindano. Alikuwa anakunja nguo, hanitazami.

"Usijiue kwa mawazo," akasema. "Si wewe wa kwanza kutumwa."

"Una maana gani?"

Akazitoa pini mdomoni, moja moja.

"Mimi nilitumwa kwako."

Hapa nirudi nyuma, kuna jambo sijawaambia.

Miaka miwili kabla ya siku hiyo nilikuwa na mchumba, fundi wa friji. Mtu mpole, wa maneno machache. Siku moja, nikiwa navaa kwa ajili ya mchezo ambamo nilikuwa mke aliyesalitiwa, Mama Sindano aliniambia amemwona mchumba wangu na mwanamke, wameshikana kiuno.

Siku hiyo niliigiza kama nimepagawa. Gazeti lilinitoa picha. Usiku huohuo nikavunja uchumba kwa ujumbe wa simu. Alikuja nyumbani mara tatu kujieleza. Mara zote tatu nilimwambia dada yangu asimfungulie.

"Na yule mwanamke?" nikamuuliza Mama Sindano. Nilikuwa nalijua jibu.

"Hakukuwa na mwanamke."

"Miaka miwili, Mama. Tunakula pamoja."

"Nina watoto watatu shuleni. Na ulivyoshangiliwa siku ile, nikajidanganya kwamba pengine ni heri."

Nilitapika palepale, juu ya maleba yake.

Kisha nikanawa, nikaenda ukumbini. Mwalimu alikuwa na majaji, anacheka. Nikayasema yote mbele yake, ya Chiriku na ya kwangu.

Jaji mmoja akainamisha macho. Mwingine, mzee wa heshima zake, akakohoa, akasema, "Njia ni mbaya, binti. Lakini ile sehemu ilikuwa nzuri sana."

Majaji walitupa ushindi. Wenzangu walisafiri bila mimi.

Chiriku hakupanda jukwaa tena. Anauza dawa kwenye famasi. Nilimwandikia karibu mwaka mzima, kimya. Kisha siku moja ukaja ujumbe wa mstari mmoja: "Mama amekusalimia." Sijui kama ni msamaha. Nimeupokea hivyohivyo.

Fundi wa friji nilimwandikia pia. Ana mke sasa, na mtoto. Alijibu kwa adabu.

"Nilikuja mara tatu."

Basi.

Mwalimu bado anafundisha. Vijana bado wanapanga foleni kwake, na pengine wewe unayesoma ni mmojawapo. Nakwambia kama dada yako: kazi yetu ni kuigiza. Mtu ambaye hawezi kukufundisha kulia mpaka akujeruhi kwanza, huyo hana ufundi. Ana kisu tu.

Na ukiona umetumwa kwa mwenzako na maneno mazito, simama. Muulize aliyekutuma kwa nini haendi mwenyewe.

Mimi sikuuliza.