Zidisha kwa Kumi

Jumamosi nilipanga foleni kwa wakala wa pesa za simu hapa Tunduma. Redio yake ilikuwa inajadili kama sadaka zinazotumwa kwa simu zikatwe kodi. Mbele yangu alisimama mama mmoja, muuza mahindi, akitaka kutoa taslimu pesa za fungu lake la kumi.

"Mama, kanisa lenu si lina namba ya malipo?" wakala akamuuliza. "Tuma tu, uokoe makato ya kutoa."

Mama akageuka, akanitazama viatu, akamwambia wakala kwa sauti ya chini. "Mwanangu, nikituma rekodi inabaki kwenye simu. Mtu wa kodi akiiona anazidisha kwa kumi tu, keshajua mahindi yote niliyouza."

Wakala akaacha kubonyeza. Akazima redio, akamhesabia pesa zake.

Mama alifunga noti kwenye pindo la kitenge. "Baba, unafanya kazi ofisi gani?" akaniuliza.

"Gazetini."

Akaondoka karibu anakimbia.

Nilicheka kimoyomoyo, nikatoa simu yangu. Nilikuwa nimeshaandika fungu langu la kumi la mwezi, shilingi elfu tano, kwenda kanisani kwetu. Sijui nini kilinituma niizidishe kwa kumi kichwani: elfu hamsini, hata robo ya mshahara wangu haifiki. Hapo hofu ya yule mama ikanihamia mimi, kidole kikaganda juu ya kioo.

Serikali sijaidanganya, maana kodi yangu mwajiri huikata kabla sijauona mshahara. Niliyekuwa namdanganya ni Mungu, naye kuzidisha anajua.