Mke Mwenza Mlangoni

Hadi leo nikisikia funguo zikigongana, hugeuka kutazama mlango. Mzee Ramazani, mwenye nyumba tuliyopanga pale Kasongo, alifunga zake kiunoni, na zilitangulia kufika kabla ya salamu. Si kwamba salamu alikuwa nazo.

Baba alikuwa amefariki, na kodi ilikuwa haijalipwa tangu ugonjwa ulipomlaza kitandani. Mama alikuwa ndani ya eda, hatoki hata uani bila kujifunika. Asubuhi hiyo Mzee Ramazani alivuta mkeka wetu mpaka nje, akaufuatisha na sufuria ya sombe, kisamvu chetu cha siku hiyo, bado ya moto.

“Leo mutatoka! Mukikatala, naita polisi ya Bula Matari.” Ndivyo tulivyoiita serikali ya wakoloni.

Majirani walichungulia tu. Ndipo akatokea Mama Mkubwa, mke wa kwanza wa baba, aliyekaa nyumba yake upande wa pili wa soko. Huyo mwanamke alituchukia waziwazi. Mimi aliniita “kile kitoto”. Nilijua amekuja kushangilia. Badala yake aliketi kizingitini, akanyoosha miguu, mlango ukazibika. Mwili alikuwa nao.

“Ramazani, uyu mwanamuke iko mu eda. Unamutosha aende wapi? Gusa kitu ingine, Ijumaa musikiti muzima itajua.”

Mzee alifoka, akatukana ukoo wao wote, lakini hakumruka. Mwishowe aliondoka akiapa kwamba eda ikiisha asituone.

Mama alimshukuru, akamwita dada.

“Usiniite dada. Sikukuya juu yako. Nilikuya juu ya jina ya bwana yangu.” Akatema mate, akaenda zake.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakumjua Mama Mkubwa.

Eda ilipoisha, mjomba alikuja kutoka Wamaza akatuchukua, tukatoka na vyombo vyetu vichwani kwa heshima. Kasongo wakabaki wakimsema Mama Mkubwa kwamba hana haya, na mimi nilidhani ni kwa ule ulimi wake.

Mwaka jana nilifiwa na mume. Nikiwa nimefungiwa ndani, naogopa hata kusogelea dirisha watu wasinione, ndipo iliponijia. Mama Mkubwa naye alikuwa mjane wa mume yuleyule, eda yake ileile. Alikatiza soko zima mchana kweupe, uso wazi, ili mwanamke aliyemchukia amalize ya kwake ndani ya nyumba.