Swali la Baji kwa Mgeni wa Chama

Siku ya kwanza kupanda gari lao nilidhani ndoa inavunjika mbele ya macho yangu. Nilikaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, nikiomba taa za barabarani zisitusimamishe tena, kwa sababu kila tuliposimama walipata nafasi ya kutazamana na sauti zikapanda. Mke alihesabu mambo kwa vidole. Mume alitikisa kichwa na kugonga usukani kwa kiganja. Walizungumza Kiurdu, na wakati huo mimi sikujua hata salamu yake. Tulipofika Fereej Bin Mahmoud, mtaa wa hapa Doha, mbele ya jengo nililoishi na Wakenya wenzangu, mke aligeuka akaniomba radhi kwa Kiingereza. Alisema walikuwa wakibishana ni chama cha nani, chake au cha mumewe, kilichoungana na watu wabaya zaidi.

Mume akaniangalia kwenye kioo. "Chake," akasema, kisha akanitakia jioni njema.

Mimi ni muuguzi. Mama huyo alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika wodi yetu, wodi ya watu wanaojifunza upya kutembea baada ya ajali au kiharusi. Wapakistani wote waliokuwa wadogo kwake walimwita Baji, yaani dada mkubwa, nami nikafuata. Mumewe, mhandisi wa mitambo ya viyoyozi, nilimwita Bhai, yaani kaka. Walikaa Al Wakrah, mji ulio kusini mwa Doha, na njia yao ya kurudi haikupita kwangu hata kidogo, lakini Baji aliamua tangu wiki ya kwanza kwamba nisisubiri basi katika joto lile, na akishaamua jambo hakuna wa kumgeuza.

Basi elimu yangu ya siasa za Pakistani niliipata katika kiti cha nyuma. Chama cha Baji kilikuwa chama cha mageuzi, kilichoingia uwanjani kikiahidi kuwafagia wezi na koo zilizorithishana madaraka. Bhai alitoka nchi tambarare na familia yao ilikuwa imepigia kura chama kimoja cha zamani tangu enzi za babu yake. Yeye alisema hao wanamageuzi walipoona viti havitoshi waliwapokea mabwanyenye wale wale waliokuwa wakiwatukana, na kwamba kule mkoani milimani waliunda serikali pamoja na chama cha masheikh. Tena kiongozi wao alikuwa akisema vita na wapiganaji wenye silaha vitaisha kwa mazungumzo, si kwa mabomu, na kwa Bhai hiyo ilikuwa lugha ya kuwabembeleza wauaji. Baji alijibu hoja moja baada ya nyingine. Mahali pengine alimkubalia, jambo lililonishangaza. "Mabwanyenye, ndiyo, hapo tulikosea," alisema siku moja, kama mtu anayekiri ameweka chumvi nyingi kwenye mchuzi, kisha akaendelea kupigana.

Nilishangaa kwa sababu nilikotoka mambo hayaendi hivyo. Baba yangu na baba yangu mdogo waliacha kusalimiana kwa ajili ya uchaguzi mmoja, na viongozi wao waliposhikana mikono baadaye na kunywa chai pamoja, hao ndugu wawili waliendelea kununiana kila mmoja upande wake wa ua. Kwa hiyo nilipowaona watu wawili wakipingana kwa nguvu zote halafu mmoja anamkumbusha mwenzake kumeza dawa ya presha, nilitulia nikawatazama.

Baada ya muda walinikaribisha chakula cha Ijumaa. Ijumaa ndiyo Jumapili yetu huku. Asubuhi nilikwenda misa, na Bhai akitoka msikitini alinipitia. Nyumbani kwao nilikuta watu wa kwao, wengi wao wafuasi wa chama cha Baji. Nchi hii si mahali pa kuitisha mikutano ya siasa, kwa hiyo kilichofanyika kiliitwa chakula, na kwa kweli chakula kilikuwepo: biriani, mtindi, na chai nzito ya maziwa na iliki iliyokuja birika baada ya birika. Wanaume na wanawake walikaa chumba kimoja, wanawake wakielekea upande wa mlango wa jikoni. Vijana wa milimani walikuja kwa teksi ya kuchangiana kutoka Industrial Area, kwenye mabweni ya wafanyakazi, mashati yamepigwa pasi. Mkubwa wao alikuwa mhasibu mmoja mwenye mvi waliyemwita Chacha. Kwetu Chacha ni jina la Mkuria, na nilimtazama mara mbili kabla Bhai hajanieleza kwamba kwao ni baba mdogo.

Chacha alikuwa mtu mwema na mfuasi wa dhati. Alikipenda chama jinsi watu wengine wanavyopenda timu ya mpira. Ukikigusa, umemgusa yeye. Mtu akitaja wale wapiganaji wenye silaha, alisema hayo ni maneno ya maadui, akageuza mazungumzo kwenye hospitali zilizojengwa na miti iliyopandwa.

Ilikuwa jikoni kwake, tukikata vitunguu, ndipo Baji aliponiambia alikozaliwa. Alitoka bonde moja huko milimani. Alipokuwa msichana wa shule, watu wenye bunduki walilichukua bonde hilo, na shule za wasichana zikafungwa. Alisoma katika chumba cha shangazi yake, madirisha yamefunikwa kwa blanketi. Kisha jeshi likaja kuwafukuza wale watu na wenyeji wakaamriwa watoke. Walitembea wakiwa wamembeba nyanya yake kwenye kitanda cha kamba mpaka kambi ya mahema, na nyanya hakurudi. Alipomaliza kunieleza aliniuliza kama vitunguu vinatosha. Nilimwambia vinatosha.

Nikaelewa basi kwa nini hakuwa na raha na upande wowote. Wanaosema mabomu yamalize kila kitu walikuwa wakizungumzia nyumba ya nyanya yake. Na wanaosema tukae tuongee walikuwa wakizungumzia watu waliofunga shule yake. Alikuwa ameingia katika chama kwa sababu ndicho pekee, kwa kuona kwake, kilichosema watu wa milimani wamechoka kufa. Lakini kuna jambo alilotaka kukiuliza na hakuwahi kupata wa kumjibu.

Wa kumjibu alipatikana wakati mbunge mmoja wa zamani wa chama hicho alipopita Doha akisubiri ndege ya kuendelea na safari. Chacha alimleta kwenye chakula cha Ijumaa. Kabla mgeni hajaingia, Chacha aliwaomba watu wamsalimie, wapige picha, wasimchoshe kwa maswali. Baji alisikia hayo akiwa amebeba sinia. Aliliweka chini, akarudi jikoni.

Mgeni alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa usingizi, mwenye adabu. Alizungumza vizuri na vijana wakapiga makofi. Bhai alikaa kando yangu akinitafsiria kwa kunong'ona, na pale alipoona mgeni anatia chumvi aliniongezea maoni yake. Baada ya makofi Baji akasimama mlangoni mwa jikoni, mtandio umetulia kichwani, na katika Kiurdu chake nikasikia neno ambalo sikuhitaji tafsiri yake, sawal, swali letu lile lile. Chacha aliinua mkono kumzuia, lakini mgeni akasema aachwe.

Baji hakupandisha sauti. Alieleza habari ya shule na habari ya kambi kwa maneno machache, machache kuliko aliyonipa mimi jikoni. Kisha akauliza, na Bhai, ambaye kwa mara ya kwanza hakuongeza lake, akanitafsiria hivi:

"Mimi sipingi kuongea nao. Nimeona mabomu yanaangukia nani. Ninachouliza ni hiki: siku mtakapokaa nao mezani, mtawapa nini ili wanyamaze? Na kama mtakachowapa ni shule yangu, nani atakuwepo pale wa kusema hapana?"

Mgeni alijibu kwa urefu. Alizungumzia mataifa makubwa, mipaka, na vita ambavyo havikuwa vyetu. Baji alimsubiri amalize, akamshukuru, akamwambia kwamba hilo ni jibu la swali jingine.

Mmoja wa vijana aliguna. Chacha alitazama zulia. Mgeni alikiweka kikombe chini, na nilidhani atakasirika, kwa sababu nimewaona wakubwa wengi wakikasirika kwa madogo kuliko hayo. Badala yake aliinamisha macho kama mtu anayepekua mifuko yake.

"Binti yangu," akasema, "mimi niliukubali ule muungano na masheikh, na mazungumzo nayaamini mpaka leo. Lakini katika vikao nilivyokaa tulitaja barabara, tukataja wafungwa, tukataja mpaka. Sikumbuki hata mara moja mtu akitaja msichana wa bondeni. Sikukufikiria."

Baji aliinamisha kichwa akasema asante, akarudi jikoni kuchukua birika. Nilimpokea birika nikamimina mimi.

Watu hawakulipokea jambo hilo kwa furaha. Vijana walisema amewapa wapinzani fimbo ya kuwachapia. Chacha alimsindikiza mgeni bila kumaliza chai yake, na Ijumaa zilizofuata hakuonekana. Bhai alinirudisha Fereej Bin Mahmoud huku Baji akiwa amekaa mbele, na nilitarajia Bhai afurahie, maana hoja iliyomgonga mgeni ilikuwa hoja yake ya miaka yote. Lakini Bhai alisema katika chama chake hakuna mkubwa ambaye angethubutu kujibu vile mbele ya watu, na kwamba yule mgeni ni mtu.

"Kwa hiyo unahamia kwetu?" Baji akamuuliza.

"Sijasema hivyo," akajibu, na wote wawili wakacheka. Sikuwa nimewahi kuwasikia wakicheka juu ya jambo hilo.

Halafu mambo ya kwao yakageuka. Chama kikaondolewa madarakani, baadaye kiongozi wao akafungwa, na mabwanyenye waliopokelewa kwa zulia wakaanza kutangaza mmoja baada ya mwingine kwamba wanajitoa. Hata huku Doha baridi hiyo ilifika. Watu wenye jamaa nyumbani waliogopa, na sikuwalaumu. Picha za kiongozi zilitoweka kwenye simu. Wengi wa waliokuwa wakipiga makofi walipata kazi za Ijumaa ghafla, na nyumba ya Al Wakrah ikabaki na watu wachache na biriani nyingi.

Baji hakubadilika. Muuguzi mmoja wa kwao alimshauri, tukiwa chumba cha kubadilishia nguo, kwamba huu ndio wakati mzuri wa kujitenga, na yeye hasa ana sababu, kwani si ndiye aliyekuwa akikisema chama kuliko wote? Baji alikuwa akifunga kamba za viatu. Alimjibu kwamba alikuwa akikigombeza kwa sababu ni chake, na kwamba huwezi kumdai mtu ukweli akiwa na nguvu kisha ukamkana akiwa chini. Alisema hayo kwa upole kabisa, akaenda kumwinua mgonjwa aliyekuwa akimsubiri kati ya vyuma viwili vya kujifunzia kutembea. Mimi nimehudhuria mikutano ya hadhara tangu utotoni, nimesikia wasemaji wa kila aina, na sijasikia hotuba iliyonikaa kama ile fupi ya kwenye benchi la viatu.

Chacha alirudi mwaka huu. Alifika na boksi la peremende za maziwa, akakaa mahali pake pa zamani na hakuomba radhi wala hakuombwa. Baada ya chakula alisema mazungumzo ya leo ayaongoze Baji, kwa kuwa yeye mwenyewe, alisema, huwa anasikia sauti yake tu. Baji aliona haya, akakubali.

Jambo lenyewe lilikuwa gumu. Je, chama kilichofungiwa kila mlango kishirikiane na maadui zake wa zamani, na tena na wale masheikh, ili waipinge serikali pamoja? Vijana wawili waliobaki walisema ndiyo, haraka. Chacha alisema ndiyo, kwa shingo upande. Bhai, mpinzani wa siku zote, alisema mkishirikiana nasi mtatuambukiza, na watu wakacheka. Baji alitaka kila mmoja aseme pia angeomba nini kabla ya kutia saini, na hapo kasi ikapungua, watu wakaanza kufikiri.

Kisha akanigeukia mimi. Kwa miaka yote ile nilikuwa mgeni anayetafsiriwa. "Sista," akasema kwa Kiingereza, "nyinyi kwenu mnafanyaje?"

Niliwaambia. Niliwaambia juu ya wakubwa waliotukanana uchaguzi mmoja na kukumbatiana uliofuata, na juu ya baba yangu na mdogo wake. Nilisema kwamba kilichotuumiza haikuwa kuungana kwao, kwa sababu amani ni kitu kizuri. Kilichotuumiza ni kwamba hawakuja kutueleza, na watu waliokuwa wamepoteza nyumba walipata habari hizo redioni kama watu wengine.

Chacha alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Kisha akasema shida ya Kenya anaijua, shida yenu ni katiba. Hajawahi kukanyaga Kenya. Nilimwambia kwamba katiba tunayo nzuri tu. Akasema basi ni mahakama. Nikasogea karibu ili anisikie vizuri, Bhai akaniongezea chai, na Baji akasema Chacha amuache sista amalize, halafu zamu yake itafika.